Darasa la tano: kwenye vitendo wako vizuri, kwenye karatasi wanapotea. Naombeni ushauri

Chaki Nyeupe:
Habari zenu wadau. Nafundisha Hisabati na Sayansi darasa la tano na hapa nimekwama.

Wiki hizi tuko kwenye kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Niliwapa vipande vya karatasi wakunje, wapake rangi nusu kwenye kimoja na theluthi kwenye kingine. Darasa lilichangamka, hata wale wakimya wa nyuma walinyoosha vidole. Nikatoa jaribio: 1/2 + 1/3. Wengi wameandika 2/5. Mmoja nilimsimamia pembeni. Vipande vyake viko mezani, vimepakwa rangi safi kabisa, naye anajumlisha 1 na 1 juu, 2 na 3 chini, kisha anaenda swali linalofuata bila hata kuvitupia jicho.

Sayansi nayo ni yale yale. Tuliotesha maharage kwenye pamba, kopo moja dirishani, jingine ndani ya kabati lililofungwa. Yote yameota. Ya kabatini yamerefuka, membamba, yamepauka. Wameyachora vizuri daftarini. Nikawauliza mbegu inahitaji nini ili iote, majibu: udongo, maji, mwanga. Udongo upi, na walitumia pamba? Mwanga upi, na kabati walilifunga wenyewe?

Sitaki kurudi kwenye kuandika ubaoni wanakili tu. Wenye uzoefu mnafanyaje?

Mkongwe wa Ubao:
Pole mwalimu, ila vitendo usiache. Kwa mtoto, vile vipande ni kazi ya mikono na 1/2 + 1/3 ni hesabu, havijuani. Vikutanishe.

Tumia vipande vya sm 30, urefu wa rula. Nusu ni sm 15, theluthi ni sm 10. Wakate, waviunganishe ncha kwa ncha: sm 25. Sasa aliyeandika 2/5 mwambie akate 2/5 ya kipande kingine cha sm 30. Atapata sm 12. Akilaze chini ya ile nusu. Amejumlisha, na jibu limekuwa dogo kuliko alichoanza nacho! Hapo nyamaza, waache wabishane. Wakishachoka kubishana, waulize ni kipimo gani kinaingia kamili kwenye sm 15 na kwenye sm 10 pia, na kikigawa sm 30 bila kubaki. Watafika sm 5, yaani 1/6. Vitatu kwa viwili, vitano: 5/6. Ndipo uandike ubaoni 3/6 + 2/6. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili) ukiileta baada ya hapo, wanajua inafanya kazi gani.

Kanuni Kwanza:
Mimi natofautiana na mkuu hapo juu. Darasa likiwa kubwa, muda wa kukata karatasi unatoka wapi? Fundisha KDS, toa mazoezi mengi. Chumba cha mtihani hakina mkasi.

Mkongwe wa Ubao:
Mazoezi sipingi, yaje baada. Kanuni tupu mtoto anaishika leo, akitoka likizo anarudi kule kule, juu kwa juu, chini kwa chini. Na kuna kitu kinaingia naye mtihani bila mkasi: kabla hajakokotoa ajiulize, jibu litazidi nusu au litapungua? Swali hilo peke yake linaua 2/5.

Mama Pacha:
Naandika kama mzazi. Nikiuliza leo mmejifunza nini, zamani jibu lilikuwa "tumekata karatasi", basi. Mwalimu wao wa sasa hawaruhusu kufagia kabla kila mmoja hajaandika sentensi tatu: nilidhani, nimeona, kwa hiyo. Daftari nikilisoma naelewa hadi mimi, na wanangu wananieleza wenyewe. Ile "nilidhani" huandikwa mwanzo, kabla ya kushika kitu.

Bustani Darasani:
Nakazia hiyo ya "nilidhani". Kwenye maharage, mtoto ana jibu lake la tangu madarasa ya chini: mimea inataka udongo na mwanga. Usipomtaka aliweke wazi, ataangalia kopo na kubaki na jibu lake. Na hajakosea kote. Mmea ukishatoa majani unahitaji mwanga ili ujitengenezee chakula. Mbegu ya maharage inapoota inakula akiba iliyo ndani yake. Inachotaka ni maji, hewa na joto la kutosha. Kwa hiyo uliza maswali mawili tofauti, la kuota na la kukua. Ongeza kopo la pamba kavu, walinganishe. Yale ya kabatini usiyatupe, yahamishie dirishani, wataona majani yakigeuka kijani. Na wafanye wawili wawili. Kwenye kundi kubwa mmoja anamwagilia, wengine wanatazama.

Chaki Nyeupe:
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Wazo la rula naanza nalo kesho. Swali moja kwa Mkongwe: wapo watakaoshindwa kupata 2/5 ya sm 30. Niwape hiyo sm 12?

Mkongwe wa Ubao:
Usiwape. Wagawe kipande mara tano sawasawa, alama kila sm 6, wahesabu viwili. Atakayekwama hapo, tatizo lake liko nyuma ya kujumlisha: hajajua 5 ya chini inasema nini. Huyo mkae naye kwenye 1/5 na 1/8 kwanza, akuoneshe kwa karatasi ipi kubwa. Wengi watakwambia 1/8.