Uchumi unakua kila mwaka, mshahara wako je? Watu wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Mleta mada (mwalimu, Lindi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila bajeti ikisomwa Dodoma tunatajiwa pato la taifa limekua kwa asilimia ngapi. Kabla ya korona tulizoea kusikia 6 mpaka 7 kila mwaka, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuingiza kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Takwimu hizo sizikatai. Ila ipo nyingine, ya serikali hiyohiyo, ambayo haisikiki sana. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya Watanzania hawamudu mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Uchumi umekimbia miaka yote hiyo, umaskini umeshuka kwa chini ya pointi mbili. Na kwa vile watu tunaongezeka, maskini wenyewe ukiwahesabu vichwa wamezidi.

Huku kwetu gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, bomba la kwenda Dar likazinduliwa Oktoba 2015. Bandari ya Mtwara imepata gati jipya, na malori ya makaa ya mawe kutoka Songea yanapishana barabarani. Vyote vinaingia kwenye pato. Lakini hesabu ya pato inapima kilichozalishwa, haifuatilii kimebaki kwa nani. Kisima cha gesi kikishaanza kutoa hakihitaji watu wengi, na sehemu ya faida inakwenda kwa wenye hisa ambao hata Msimbati, kijiji cha karibu na visima vya Mnazi Bay, hawajawahi kufika.

Naanza mimi. Julai 2025 kima cha chini serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000, na sisi wa madaraja ya juu tukaongezwa kidogo. Nashukuru, niliiona. Ila mshahara wangu unafika ukiwa umeshakatwa mkopo wa benki, na nilikopa ili nijenge, kwa sababu kwa mshahara mtupu nisingejenga. Walimu wenzangu wawili wamebanwa na kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, kadi zao za benki anazo mkopeshaji.

Tusilete vyama hapa. Sema unafanya kazi gani, unalipwaje, hela inaishia wapi.

Mbanguaji, Mtwara Mjini

Asante mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nabangua korosho kwenye kiwanda kidogo.

Korosho inapikwa kwa mvuke, inaanikwa, ndiyo inaletwa kwetu. Mashine yangu nakanyaga kwa mguu huku mkono unashusha kisu, mwenzangu aliyekaa mbele anachokoa kiini. Ganda lina mafuta yanayobabua. Tunapaka mikono mafuta ya kula, glavu zikiwepo tunavaa, lakini ncha za vidole vyangu ni nyeusi na ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeungua. Hata mtoto akiwa na homa nampima kwa shavu, vidole havisikii joto vizuri.

Malipo ni kwa kilo ya kiini kizima. Kikivunjika kinaingia bei ya vipande, na korosho ikiwa haikuiva vizuri kwenye mvuke inavunjika hata ufanye taratibu namna gani. Kosa si langu, hasara ni yangu.

Jambo ninalotaka wadau walione ni hili. Korosho nyingi za Mtwara na Lindi zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam. Msimu ukiwa mzuri redio zinatangaza tani zilizouzwa, na sisi mara nyingi ndiyo wakati tunaambiwa tukae nyumbani, mwenye kiwanda hakuweza kushindana mnadani na wanunuzi wa nje. Mauzo ya nchi yamepanda, wanawake wa banda zima hawana kazi.

Deiwaka (kibarua wa siku) wa bandarini

Kwangu ni fupi. Meli ikiwepo nakula, meli isipokuwepo nakopa kwa mama ntilie. Alfajiri tunasimama getini, msimamizi anachagua. Gati limekuwa kubwa, mzigo umeongezeka kweli, lakini makaa yanapakiwa kwa mashine. Mgongo unaotakiwa ni wa korosho tu, tena kwa miezi ya msimu.

Mkulima, Tandahimba

Mimi nitasema tofauti kidogo. 2018 wanunuzi walileta bei ndogo tukaikataa, serikali ikatangaza 3,300 kwa kilo. Oktoba 2024 mnada ukavuka 4,000. Mwenye mikorosho mingi aliona hela, tusidanganyane. Nimeezeka bati, kijana yuko chuo.

Sasa mtazame anayenipalilia. Yeye hana mkorosho hata mmoja, analipwa kwa ngwe. Bei ya mnada ikipanda ngwe haipandi, ila dukani kila kitu kinapanda, maana wafanyabiashara wanajua Tandahimba kuna hela. Kwa hiyo msimu ule niliofurahi mimi, yeye alinunua unga kwa bei kubwa zaidi. Mwaka huu nimemuongeza, tukakubaliana na majirani zangu watatu tufanye hivyo wote, la sivyo anayeongeza anaonekana anaharibu soko.

Na mwenye mikorosho michache anauza kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, mapema kwa shida ya ada au msiba. Mnada ukifika 4,000 korosho si zake tena.

Fundi wa kuchomelea, Nachingwea

Wakuu msiseme hakuna kilichobadilika. Umeme wa REA (wakala wa nishati vijijini) nimeunganishiwa kwa 27,000, leo nachomelea mageti na nimeajiri vijana wawili. Zamani kazi hii ilikuwa ya mjini tu. Huo nao ni ukuaji na umenifikia mimi.

Mlinzi, Lindi

Fundi, sawa, lakini wewe unajipangia bei. Sisi wa kuajiriwa sekta binafsi, amri ya kima cha chini ya 2013 ilikaa mpaka Januari 2023 ndipo ikabadilishwa. Miaka yote hiyo uchumi unakua, unga unapanda, mshahara umesimama. Nilipouliza waliniambia nje wapo mia wanaitaka nafasi yangu. Na ni kweli wapo. Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo hata NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nasikia kwa wenzangu.

Mleta mada

Kaka mlinzi, nenda ofisi ya kazi ya mkoa, sheria inamtaka mwajiri akupe mkataba wa maandishi. Nenda na mwenzako, usiende peke yako.

Dada mbanguaji, nikuulize: mkikosa korosho mnaishije?

Mbanguaji, Mtwara Mjini

Tunachimba ming'oko porini, tunachemsha, tunauza stendi. Sasa hivi tumeandika barua kwa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, tunaomba watutengee tani chache kabla ya mnada, tuwalipe bei ileile ya mnada tukishauza viini. Mwenyekiti ameipokea, kikao chao ni wiki ijayo. Kama kuna mdau wa Newala au Masasi ambako wamewahi kufanya hivyo, naomba aniambie makubaliano yaliandikwaje.