Tupeane uzoefu: siku wahakiki walipousema mchezo wako

Mwongozaji wa Moro:
Wakuu, jana nilikuwa napanga makabrasha nikakuta kipande cha gazeti nilichokikata mwaka 2009 kwa hasira. Mwaka ule niliongoza *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ule mchezo wa mganga wa vita vya Maji Maji, na kikundi chetu hapa Morogoro. Mnapakumbuka pale Kinjeketile anapotambaa kuelekea mtoni, akazama, watu wakajua ndiyo basi, kesho yake akaibuka? Mto tuliufanya kwa khanga za bluu zilizoungwa, mabinti wawili wanazipunga huku na huku. Gazeti likaandika kwamba mwigizaji "katoka mtoni mkavu kama katoka saluni", uzembe wa mwongozaji.

Jamani, kwenye kitabu anatoka MKAVU! Ndio muujiza wenyewe! Wiki nzima nilitembea na kitabu kwapani, kila ninayekutana naye namfungulia ukurasa. Mpaka shangazi yangu, aliyekaa safu ya pili, akaniambia taratibu: "Mwanangu, hata mimi sikuelewa. Mbona hakuna aliyemshika?"

Ikaniuma maana ni kweli. Waigizaji wangu walilisema neno la ukavu huku wakikimbilia kwenye taa. Onyesho lililofuata nikamwelekeza mzee mmoja ainame, akamue pindo la nguo ya Kinjeketile, kisha atazame kiganja chake. Ukumbi mzima kimya, hadi feni ikasikika. Mhakiki hakusoma kitabu, sawa, lakini kilichomfanya asielewe nilikipanga mimi. Haya, leteni yenu.

Ticha wa Drama:
Wewe ulisemwa gazetini, mwenzako nilisemwa kwenye maikrofoni. Kwetu Kenya, kwenye tamasha za drama za shule, jaji anapanda kutoa maoni shule zote zikisikiliza. Wangu alisema: "Jukwaa la mwelekezi huyu ni matatu ya saa kumi na mbili jioni. Wote wamesimama na hakuna anayejua anashukia wapi." Ukumbi ukaangua kicheko. Wanafunzi wangu walilia njia nzima kwenye basi. Mchezo ulihusu kufurushwa kwa watu kwenye vibanda, na ule msongamano ndio ulikuwa hoja! Nasema hadi leo alikosea. Ila sijawahi tena kupanga watu jukwaani bila kuwahesabu.

Mbongo wa London:
Mimi ni mtazamaji tu. 2012 pale Globe, London, michezo ya Shakespeare ilichezwa kwa lugha za dunia, na Kiswahili kikapewa *The Merry Wives of Windsor*. Waongozaji walikuwa wawili, Daniel Goldman na Sarah Norman, na Falstaff, lile zee linalotongoza wake za watu likaishia kutupwa mtoni, alikuwa Mrisho Mpoto, Mjomba mwenyewe. Nililipa paundi tano nikasimama uani. Maandishi ya Kiingereza yalieleza kisa cha kila onyesho kwa kifupi tu, mazungumzo hayakutafsiriwa. Basi sisi waswahili tunacheka kwanza, Wazungu wanatugeukia, halafu nao wanacheka. Nilijiuliza mhakiki aliyekaa pale bila Kiswahili ataandika nini zaidi ya macho, viuno na matumbo. Mama mmoja wa Mombasa pembeni yangu alikuwa na uhakiki wake, tena kwa sauti: "Huyo mwanamume hana haya, mwacheni alowe!"

Mzee wa Nairobi:
Vijana, mimi nilikuwa mwanafunzi Oktoba 1976, *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ilipochezwa Kenya National Theatre. Mwelekezi alikuwa Seth Adagala. Mchezo uliteuliwa kwenda FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, kule Lagos mwaka uliofuata, lakini hapo nyumbani ulibanwa kwenye siku chache kwa sababu ukumbi ulikuwa na maonyesho ya wageni. Tulijazana. Ulipoisha, hakuna aliyekaa kitini kupiga makofi. Tuliwafuata waigizaji tukiimba na kucheza, katikati ya viti, mlangoni, hadi barabarani. Mwanangu wa Moro, hiyo ndiyo hakiki ninayoikumbuka. Mimi nilipoteza kiatu.

Mwongozaji wa Moro:
Shikamoo mzee. Kiatu ulikipata?

Mzee wa Nairobi:
Marahaba. Wapi! Nilirudi bwenini na kimoja.