Tupeane uzoefu: bia za wenyeji kwenye visiwa vya Mediterania

Mpishi wa Sliema

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa tatu jikoni hapa Malta, na muda wote huo nilikuwa nakunywa laga moja tu, ile inayouzwa kila kona. Mwezi uliopita nikapata likizo ya siku nne, nikavuka kwenda kisiwa jirani cha Gozo, na huko ndiko nilikoonja kwa mara ya kwanza bia za kiwanda kidogo. Najua humu wamo waliofika visiwa vingine. Kila mtu aseme alikunywa wapi, na nini kilimgusa.

Naanza mimi. Feri kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr ni kama dakika 25. Juu ya jabali la bandari kuna ngome kongwe, Fort Chambray, na jina hilo utalikuta kwenye chupa: Lord Chambray, kiwanda kilichofunguliwa 2014 kule Xewkija. Bia zao zimepewa majina ya mahali pa humu humu. Blue Lagoon ni bia nyeupe ya ngano, jina la ghuba ya kisiwa cha Comino. San Blas ni IPA, yaani bia chungu, ya mtindo wa Kiingereza, jina la ufukwe wenye mchanga mwekundu chini ya kijiji cha Nadur. Fungus Rock ni stauti nyeusi, na hiyo ndiyo iliyonishika.

Asubuhi nilikwenda Dwejra, pwani ya Gozo, nikalitazama jabali lenyewe liitwalo Fungus Rock. Zamani watawala wa Malta, wale watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliliwekea walinzi kwa sababu ya mmea uliokuwa ukiota juu yake, uliosadikiwa kuwa dawa kubwa. Jioni nikaagiza chupa ya jina hilo pamoja na ġbejna, jibini ndogo ya maziwa ya kondoo iliyoviringishwa kwenye pilipili manga. Ule uchungu wa kimea kilichokaangwa, karibu na kahawa tunayokaanga nyumbani, ukakutana na chumvi ya jibini. Nimepika kwa miaka mingi, nimeoanisha samaki na divai kwa wageni wasiohesabika, lakini bia nilikuwa naiona ni ya kukata kiu tu. Siku ile niliwaza kama mpishi.

Tahadhari moja. Baa fulani ya ufukweni niliomba bia ya hapa hapa, nikaletewa iliyokwisha kufunguliwa, nikalipa bei ya juu. Kugeuza chupa, lebo inasema imetengenezwa nchi nyingine kabisa. Soma lebo kabla kizibo hakijatoka.

Baharia wa Tanga

Mkuu, hiyo laga ya kila kona usiiache hivi hivi. Ni Cisk, hutamkwa "Chisk", iko tangu 1929. Meli yetu ya abiria ilikuwa ikitia nanga Valletta, na mzee mmoja pale bandarini ndiye aliyenisimulia asili ya jina. Ukoo wa Scicluna ulikuwa na benki, na watu walikuwa hawajazoea hundi. Neno la Kiingereza la hundi, "cheque", likawapinda mdomoni likawa "cisk", likamganda mwenye benki kama jina la utani, kisha likaenda kwenye bia. Nchi kavu tulikuwa tunapata muda wa saa tano tu, kwa hiyo viwanda vidogo sikuvifikia. Ila ile moja ya baridi, ukitazama ngome za bandari jua linapozama, sijaisahau.

Mama wa Cagliari

Mimi niko Sardinia, natunza wazee majumbani. Hapa bia kubwa ni Ichnusa, ya mwaka 1912, na wenyeji wanaipenda kama timu ya mpira. Lakini ninachotaka kusimulia ni BB10 ya kiwanda cha Barley, kilichoanza 2006 huko Maracalagonis, nje kidogo ya Cagliari. Mpishi wao wa bia, Nicola Perra, aliichanganya bia nyeusi na sapa, yaani maji ya zabibu za Cannonau yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali. Kutoka kwenye jaribio la namna hiyo ukazaliwa mtindo mzima wa bia za zabibu ambao sasa Italia inajivunia.

Ina alkoholi asilimia 10, kwa hiyo nilimimina kidogo kwenye glasi ya divai. Bibi ninayemtunza, ana miaka 84 na bia hanywi, akaomba anuse. Akafumba macho. Akasema, "Hii ni pan'e saba." Saba hapo ndiyo sapa kwa lugha ya hapa; ni mkate mtamu mweusi ambao mama yake alikuwa akiuoka kwa sapa. Basi jioni ile hakulala mapema. Alinieleza jinsi walivyokesha wakikoroga sufuria baada ya mavuno, nani alikuwa na mkono mzuri, nani aliunguza. Miezi minane nilikuwa namhudumia, sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo.

La kuzingatia: sheria ya Italia ya 2016 inataka bia inayoitwa ya kifundi isipasteurishwe, yaani isipashwe moto kuua vijidudu, wala kuchujwa kwa vichujio vyenye matundu madogo mno, na kiwanda kiwe huru, kisizidishe hektolita 200,000 (lita milioni 20) kwa mwaka. Maana yake bia hiyo iko hai. Niliacha chupa sita kwenye gari mwezi wa nane, joto la Sardinia mnalijua. Zilipofunguliwa ni povu tupu na uchachu. Zibebeni kwenye barafu.

Kivu–Marseille

Jambo bandugu. Mimi nilipanda meli ya usiku hadi Bastia, Corsica. Kuna bia inaitwa Pietra, inatoka Furiani jirani na hapo, tangu 1996. Ndani ya kimea wanachanganya unga wa chestinati, matunda ya miti ya milimani iliyolisha watu wa kisiwa hicho wakati nafaka ni haba. Rangi yake kama kaharabu, asilimia 6. Wakaniletea na pulenda, ugali wa unga huohuo, unakatwa vipande kabisa! Nilikula kwa mkono, na mwenye nyumba akafurahi.

Binti Mpemba

Mimi pombe situmii, lakini nimesoma Malta na nilikaa na wenzangu kwenye hizo meza. Mwambieni mhudumu awape Kinnie, soda ya machungwa machungu na mitishamba, ipo tangu 1952. Na wakigonganisha glasi wanasema "saħħa", yaani siha. Sita yetu kwao ni sitta, saba ni sebgħa, fulusi ni flus. Mara ya kwanza nilidhani nasikia vibaya.

Mrombo

Mpishi, umenikumbusha. Nilipita Gozo nikiwa na kikundi cha kanisa, nikakaa kaunta nikamweleza kijana wa baa kuhusu mbege: ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na gome la msesewe linalotia uchungu mahali pa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia za huku. Hilo la gome alilirudia mara tatu. Akachukua kitambaa cha karatasi akaniomba nimwandikie neno lenyewe, herufi kwa herufi, akalibandika ukutani nyuma ya mabomba. Ukienda tena niangalizie kama bado lipo.