Mrejesho: Kustaafu uwanda wa Kano

Habari zenu wadau. Niliwauliza kama ni busara mwalimu kama mimi anayegonga miaka 60 ahame Nakuru mjini akanunue ploti kwenye senta ndogo uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu, ndani kabisa kupita mji wa Ahero. Wengi mlisema niende kwanza wakati wa masika. Nimeenda.

Ardhi ni ya bei nafuu kweli, na mchele wa Ahero sina neno nao. Lakini ule udongo mweusi! Ukilowa unanata kwenye gambuti hadi mguu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa na alama ya maji ukutani, karibu na swichi ya taa. Dalali akasema ni rangi tu. Mama mmoja jirani akacheka, akanionyesha kitanda chake kilichoinuliwa juu ya matofali. Mto Nyando ukifurika, anasema, kuku ndio wa kwanza kupanda.

Halafu mimi nina presha, na watu wa bodaboda walikataa kuingia huko mvua ikinyesha. Nikizidiwa usiku, nani atanifikisha Kisumu?

Kwa hivyo ploti nimeiacha. Nitapanga nyumba Ahero, karibu na lami, nione misimu yote. Mama watoto bado hajakubali. Anasema mbu wa kule hawaheshimu wazee. Anayeishi hapo aniambie, kodi ya vyumba viwili ni kama pesa ngapi?