Bitana ya wetisuti imebanduka kabla msimu haujaisha, na duka linasema ni "uchakavu wa kawaida"

Ndugu wadau wa uzamiaji,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wetisuti (nguo ya mpira ya kuzamia) yenye unene wa milimita 5 niliyoinunua kwa zaidi ya shilingi laki saba katika duka moja la vifaa vya baharini jijini Dar es Salaam imebanduka bitana, yaani kitambaa cha ndani, kwenye miguu yote miwili na kwenye mkono wa kulia, msimu wa kusi haujaisha, na duka limekataa kuibadilisha, kuitengeneza au kurejesha hata sehemu ya fedha. Jibu nililopewa kwa maandishi ni kwamba bitana haimo katika dhamana, kwa kuwa kubanduka kwake ni "uchakavu wa kawaida". Silitaji duka hilo kwa jina kwa sababu shauri bado liko mezani kwao, lakini wenzangu wa Mafia, Pemba na Diani wamenieleza habari zinazofanana na yangu kuhusu wauzaji wengine, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote tunaoishi kwa kazi hii.

Mimi ni kiongozi wa wazamiaji Nungwi. Asubuhi natoka na wageni kwenda kisiwa cha Mnemba, tunazamia mara mbili, na mara nyingi alasiri narudi majini na wanafunzi. Maana yake ni kwamba wetisuti yangu huvaliwa ikiwa kavu mara moja tu kwa siku, tena ikiwa imebahatika kukauka usiku, na mara zote zinazofuata huvaliwa ikiwa imelowa chapachapa. Haya yote nilimweleza muuzaji kabla sijalipa. Alinihakikishia kwamba nguo ile imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi kama yangu, kwamba bitana yake ya manyoya laini hukauka upesi, na kwamba inavalika kirahisi hata ikiwa na maji.

Kwa wasiojua, milimita 5 huku kwetu si anasa. Katika miezi ya Julai na Agosti maji ya Unguja hushuka hadi kama nyuzi 25, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takribani mara 25 kuliko hewa. Mgeni anayezamia mara moja anaweza kuvumilia na milimita 3, lakini kiongozi anayeelea polepole kwa saa nzima akiwasubiri wanaopiga picha, kisha akarudia, hawezi. Zaidi ya hapo, neoprini ni mpira wenye vipovu vya gesi ndani yake, na vipovu hivyo hubanwa kadiri unavyoshuka: mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, mita 20 ni mara tatu, kwa hiyo nguo hukonda pale pale unapoihitaji zaidi.

Kasoro ilianzia kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Unapopitisha mguu, kisigino ndicho kinachoburuza kitambaa kwa nguvu kuliko kiungo kingine chochote, na hapo bitana ikainuka, likatokea lengelenge dogo lenye ukubwa wa sarafu. Maji yakaingia katika lengelenge hilo na kubaki humo, nalo likatambaa kufuata ugoko hadi karibu na goti. Sasa kila ninapovaa, vidole vya mguu vinaingia kati ya bitana na mpira badala ya kuteleza juu ya bitana, manyoya yananasa kwenye kucha, kitambaa chote kinajikusanya kwenye kifundo cha mguu, na inanibidi nivue mguu mzima, niingize mkono hadi kwenye kiwiko, nikinyooshe na kuanza upya. Fanyeni hivyo kwenye boti inayoyumba, huku wageni wamekwisha kuvaa na wanachemka juani ndani ya nguo zao. Mtu anayeingia majini akiwa na joto na anahema hutumia hewa ya mtungi wake haraka, na hilo ni suala la usalama.

Nimeipindua nguo na kuikagua kwa tochi ya kuzamia. Upande wa nyuma wa bitana gundi imeganda kwa vitone vilivyoachana, wala si tabaka moja, na mpira uliokuwa chini yake umebaki msafi kabisa. Yeyote aliyewahi kuziba wetisuti kwa mkono wake anajua maana yake. Gundi iliyoshika sawasawa haiachii hivi: ukilazimisha kubandua bitana, inang'oka na vipande vya povu la mpira, kwa sababu povu ndilo dhaifu kuliko gundi. Hapa povu halikung'oka hata chembe. Gundi haikuushika mpira ule tangu kiwandani, na nimepiga picha kuthibitisha.

Duka limeleta sababu tatu za kunitupia mimi lawama. Ya kwanza ni jua. Ni kweli kwamba mionzi ya jua huharibu neoprini, lakini huanza na upande wa nje, mabegani na mgongoni, ambako rangi hupauka na mpira hukakamaa; bitana iliyo ndani ya mguu haioni jua, na nguo yangu nje bado ina rangi yake. Ya pili ni kucha. Kucha huacha mikato midogo ya nusu duara kwenye mpira, na alama hiyo haipo popote. Ya tatu ni chumvi, na hii ndiyo iliyonikasirisha kupita kiasi, kwani nguo ya kuzamia inauzwa kwa ajili ya kuingia baharini, na muuzaji anayetaja chumvi kama matumizi mabaya anakana kazi yenyewe ya bidhaa anayoiuza. Naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, naianika kivulini kwenye henga pana, na haijawahi kuona mashine ya kufulia. Wetisuti yangu ya zamani, ya milimita 3 na yenye bitana ya nailoni tupu, imetunzwa kwa namna hiyo hiyo kwa misimu kadhaa. Magoti yamepauka na mpira umelegea, lakini bitana haijaachia mahali popote.

Neno hili "uchakavu wa kawaida" linaichukulia bitana kama pambo, na hapo ndipo wanapotupotosha. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipobuni wetisuti mwanzoni mwa miaka ya 1950, nguo za awali zilikuwa neoprini tupu isiyo na kitambaa. Ziligandamana na ngozi, wavaaji wakajipaka unga wa talki ili zipite, na zilichanika kwa kuvutwa tu. Kubandika kitambaa cha nailoni ndiko kulikoiwezesha nguo hiyo kuvalika na kudumu. Hata mshono unategemea kitambaa, kwa kuwa uzi ukishonwa kwenye povu tupu hulikata. Kinachoushikilia uzi ni kitambaa kilichogandishwa juu ya povu. Bitana inapoachia kwenye ugoko, haitachukua muda kufika kwenye mshono, na mshono ukifunguka maji baridi yatapita moja kwa moja. Kwa hiyo wanapoiondoa bitana kwenye dhamana, wameondoa nusu ya uimara wa nguo huku wakitoza bei yake kamili.

Nizungumzie pia hizi bitana za manyoya, kwa sababu naona zinazidi kujaa madukani. Ukiishika dukani ikiwa kavu, inapendeza mkononi, ni laini na ina joto. Ikilowa, manyoya hunywa maji, nguo inakuwa nzito, na badala ya kuteleza inashika ngozi. Asubuhi ya pili unaikuta bado mbichi. Kifuani na mgongoni sina ugomvi nayo, kwani huko mwili hauburuzwi juu ya kitambaa na manyoya hushikilia maji yaliyokwisha kupashwa joto. Miguuni na mikononi ni kosa la usanifu. Sehemu hizo zinahitaji bitana laini iliyofumwa kwa nailoni au poliesta yenye mvutiko, isiyo na vinyweleo vya kunasa, na poliesta ina faida ya kutokunywa maji mengi kama nailoni. Watengenezaji wanalijua hili, maana zipo nguo zenye manyoya kiwiliwilini na kitambaa cha kuteleza miguuni na mikononi. Huku kwetu tunaletewa zile za manyoya mwili mzima na kuambiwa ndizo bora.

Muuzaji alinishauri nivae mfuko wa plastiki mguuni ili nguo iteleze. Mbinu hiyo ya kale inafahamika, ila mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi, kwa hiyo ananielekeza nifanye kazi kwa kifaa kilichokatazwa, tena juu ya miamba tunayowakataza wageni kutupa hata kizibo. Wengine hutumia soksi nyembamba za nailoni, wengine maji yenye shampuu ya watoto kidogo, na wazamiaji wa pumzi, wale wasiotumia mtungi, wenye neoprini isiyo na bitana ndani hawana budi kutumia sabuni. Hayo ni sawa kwa nguo iliyojengwa hivyo. (Msijipake mafuta mazito ya petroli, jamani, yanaweza kuudhuru mpira.) Lakini nguo iliyouzwa kwa sifa ya kuvalika kirahisi haipaswi kuhitaji msaada wa mfuko wala sabuni, na hakuna sabuni inayogandisha upya bitana iliyobanduka.

Ninachodai kinaeleweka. Nataka fedha zangu zote. Nataka pia kila duka linalotuuzia wetisuti liandike waziwazi ni bitana ya aina gani imewekwa kila sehemu ya nguo, na liiweke bitana ndani ya dhamana sawa na mishono na zipu. Nilimwambia muuzaji kazi nitakayoifanyia nguo, akanichagulia yeye mwenyewe; sheria ya mauzo ya bidhaa inamtaka muuzaji wa namna hiyo atoe bidhaa inayofaa kwa kazi aliyoelezwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nimewaandikia barua ya pili nikiambatanisha picha, na jibu likiwa lile lile napeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Kwa wanaotaka kununua sasa, ipindueni nguo hapo hapo dukani kabla ya kutoa hela. Tazameni ugoko, kisigino na sehemu ya ndani ya mkono kuanzia kiwiko kwenda chini. Shikeni ukingo wa mguu, pale kitambaa na mpira vinapokutana, mvute kwa dole gumba kila upande: bitana ikipanda juu ya mpira hata kidogo, iacheni. Ombeni kuijaribu mguu ukiwa umelowa, na muuzaji akikataa muwe mmeshapata jibu. Msikubali maneno ya mdomo kuhusu dhamana. Yaandikwe nyuma ya risiti, na neno bitana liwemo.

Picha zangu za kisigino, ugoko na gundi ya vitone naziweka hapa chini. Wenye nguo zilizobanduka kwa namna hii nawaomba waweke za kwao, zikionyesha upande wa nyuma wa bitana na mpira ulio chini yake, pamoja na mwezi walionunua, kwa sababu duka limeniandikia kwamba mimi ndiye mteja pekee aliyewahi kulalamika.