Kundi la Sinema Uani, Kirumba, Mwanza: picha ya Jumamosi

JUMATANO

Dada Pendo, 12:52 jioni: Wapendwa, tangu Jumapili naomba tuchague picha. Watu 31 mmesoma, kajibu mmoja, tena kwa stika.

Dada Pendo, 12:55 jioni: Narudia. Watoto wamechoka na steringi wa kupiga tu. Mimi nataka steringi anayedaiwa kodi. Spider-Man 2 ya 2004: anachelewesha piza anafukuzwa kazi, mwenye nyumba anamdai, akifua lile vazi lake linachuja rangi kwenye nguo nyeupe. Mtoto wa hapa hahitaji kuelezwa hayo.

Doto, 12:56 jioni: Vazi kanunua soko la Makoroboi hilo 😂

Dada Pendo, 12:56 jioni: Doto.

Kulwa DJ, 2:10 usiku: Logan, 2017. Steringi kazeeka, anachechemea, vidonda havifungi kama zamani, anavaa miwani ya kusomea.

Dada Pendo, 2:11 usiku: Ina damu nyingi mno, ni ya watu wazima ile. Uani kuna wa chekechea. Hapana.

ALHAMISI

Mwl. Masanja, 4:30 asubuhi: Samahani nimechelewa. Kabla ya picha, tuzungumze uso. Mtu humhurumia anayemwona macho. Ndiyo maana kwenye Iron Man ya 2008 kamera inaingia ndani ya kofia ya chuma, tumwone Robert Downey Jr. mwenyewe. Na Spider-Man 2, kwenye treni, barakoa imevuliwa, abiria wanampokezana juu juu, wanamlaza, mmoja anashangaa: kumbe kijana tu, hamzidi mwanawe. Superman ya 1978 ndiyo kiboko: Christopher Reeve anavua miwani, mgongo unanyooka, sauti inashuka, nusura amwambie Lois, mwandishi mwenzake, kuwa yeye ndiye Superman. Anaghairi, anajikunja tena. Hakuna kompyuta pale, ni mabega tu.

Mwl. Masanja, 4:33 asubuhi: Sasa, sehemu zote hizo ni za kimya. Na Kulwa, anayetututafsiria kwa spika picha ikiendelea, kimya hakiwezi.

Kulwa DJ, 4:34 asubuhi: Yameanza.

Fundi Juma, 6:15 mchana: Pasaka si tuliona. Steringi anamzika baba yake, wewe unatangaza vocha.

Kulwa DJ, 6:16 mchana: Vocha ndiyo iliyolipa mafuta ya jenereta. Na ekstensheni ya mita 20 iko wapi? Aliyeichukua yumo humu humu.

Doto, 6:16 mchana: 👀

Fundi Juma, 6:18 mchana: Kama ni mimi nitajwe.

Dada Pendo, 6:20 mchana: Jamani!! Hayo faragha. Fundi, tupe mpango.

Fundi Juma, 6:41 mchana: Shuka jeupe lisilo na mshono katikati. Pindo la chini lipitishwe fito, la sivyo upepo wa ziwani unampa steringi kitambi. Tuanze saa 1 na nusu, kabla ya hapo bado kuna mwanga. Wale wadudu wa ziwani: taa kali iwashwe upande ule mwingine robo saa kabla, waende huko. Wakijazana kwenye lenzi picha nzima ni madoa. Jenereta likae nyuma ya nyumba. Kulwa awe na spika yake peke yake. Tukiweka moja, kila akifungua mdomo nashusha sauti ya picha, na pumzi za steringi zinapotea. Pumzi ndizo zinazokwambia kachoka.

Mwl. Masanja, 6:50 mchana: Nitamwandikia Kulwa karatasi ya dakika. Atafsiri maneno, halafu anyamaze mpaka kamera iondoke usoni.

Kulwa DJ, 6:52 mchana: Nikinyamaza nusu dakika wanapiga kelele DJ kalala.

Doto, 6:52 mchana: Weka vocha 😂😂

Dada Pendo, 7:30 mchana: Basi Spider-Man 2. Anayekubali aweke 👍

Fundi Juma, 7:31 mchana: 👍

Dada Pendo, 3:05 usiku: Mmoja tu?

IJUMAA

Mzee Bundala, 11:20 alfajiri: Nimesoma yote. Uani kwangu wekeni ile ya Wakanda. Pale mfalme anapomwuliza baba yake marehemu kwa nini hakumchukua yule mtoto wa ndugu yake akamwacha Marekani. Hapo Kulwa usitie neno. Na mwenye ekstensheni anaujua mlango wangu.

Dada Pendo, 1:02 asubuhi: Shikamoo babu. Tumesikia.

Mwl. Masanja, 2:40 asubuhi: Shikamoo mzee. Black Panther, 2018, dakika 134, tukianza saa 1 na nusu tunamaliza kama saa 4 kasoro robo. Na adui naye kapewa wakati wake na baba yake, kwenye kile chumba cha Oakland, chozi likamtoka. Wachache wanaokumbuka kumpa adui baba. Cha kucheka pia kipo: Okoye, jemadari wake, anamwonya mfalme asigande akimwona Nakia, mpenzi wake wa zamani mfalme, akaganda. Hapo Kulwa uwanja wako.

Doto, 2:44 asubuhi: Nakia si Lupita, baba yake gavana wa Kisumu. Shemeji wa ng'ambo ya ziwa huyo, aje na sato.

Fundi Juma, 5:10 asubuhi: Mzee shikamoo. Italetwa.

Dada Pendo, 5:12 asubuhi: Nani ana nakala ambayo haijatafsiriwa tayari? Kulwa?

Dada Pendo, 9:00 alasiri: Kulwa naona umesoma.

Doto, 9:01 alasiri: Anafanya mazoezi ya kunyamaza 😂

Mama Zawadi, 4:15 usiku: 👍 Naunga mkono ile ya buibui