Nimeng'arisha meno ya bi harusi, mama yake kanirudishia fremu

PichaMeru (Usa River)

Wakuu habari za jioni. Napiga picha za sendofu na harusi huku Arusha, mwaka wa sita sasa. Kuna jambo limeninyima raha tangu Jumatatu, naomba msaada wa wenye uzoefu.

Bi harusi ni binti wa Maji ya Chai. Wa huku mmeshaelewa: amekunywa maji yetu yenye floraidi nyingi tangu mtoto, meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia, na mawili ya juu yamekolea zaidi. Ana mwanya. Akicheka anacheka uso mzima, na katika picha zaidi ya 400 nilizompiga, sidhani kama zinafika kumi alizofunga mdomo. Siku ya kuchagua picha ya fremu aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, kwenye meno utanisaidia kidogo, eh?"

Nikasaidia. Nilishika brashi ya kung'arisha meno ya Lightroom (programu ya kuhariri picha), nikapitisha, nikaona bado, nikarudia. Mistari iliyobaki nikaifuta mmoja mmoja kwa stempu ya Photoshop. Meno yalipong'aa, macho yakaonekana yamechoka, basi nayo nikayasafisha weupe wote, kona hadi kona.

Nikachapa inchi 12 kwa 16 nikapeleka nyumbani kwao. Mama akaishika fremu, akaisogeza dirishani, akakaa kimya. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, gauni ni lake. Ila huyu anayecheka humu simjui." Hakunigombeza. Alinirudishia fremu ameifunga kwenye khanga.

Nimeitazama tena usiku kucha. Meno ni kama kigae kimoja, yana ubluu fulani, na mwanya umebaki kivuli tu. Macho yamekodoa. Sasa nifanyeje? Nikiacha meno yalivyo, sijamsikiliza aliyeniomba. Nikiyafuta, mama hamtambui mwanawe. Faili la RAW (picha ghafi kutoka kwenye kamera) ninalo. Ni picha ya nje, saa kumi na moja jioni chini ya mwembe. Natanguliza shukrani.

Mkono_wa_Simu

Mkuu kuna app za simu zinafanya hiyo kazi sekunde mbili, meno na macho kwa pamoja. Kwa nini ujitese?

Chumba cha Giza (Tanga)

Ndugu yangu hapo juu, app hizo zinampa kila mtu meno ya mtu mmoja. Ndicho hasa alichokikataa yule mama.

PichaMeru, pole mdogo wangu. Mimi nilianza enzi za filamu, tukigusa negativu kwa penseli iliyochongwa kama sindano, na mkono wangu ulijifunza kusita tangu hapo. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda.

Usijaribu kuokoa hiyo iliyoharibika. Fungua RAW upya, na kabla hujagusa jino lolote sawazisha rangi ya mwanga. Chini ya mwembe mwanga umepita kwenye majani, unakuja na ukijani. Jino ni jeupe na lina mate, linabeba rangi ya kila jirani: majani, lipstiki, hata ukuta. Mara nyingi nusu ya unachokiona uchafu huondoka hapo tu.

Sasa huo ubluu. Jino la mtu halijawahi kuwa jeupe pe. Tabaka la juu linapitisha mwanga, na chini yake kuna tabaka la manjano. Ndiyo maana chonge huwa zina rangi zaidi kuliko meno ya mbele. Ukiondoa manjano yote kinabaki kijivu, na kijivu kikizungukwa na ngozi yenye joto, mtazamaji anakiona bluu. Weka kidonoa rangi juu ya jino la mbele usome namba zake tatu. Nyekundu iwe kubwa, kijani ifuate, bluu iwe ya mwisho. Ukisoma kitu kama 214, 203, 184, bado uko kwenye jino. Ukisoma 236, 239, 243, umeshatoka. Nakuhakikishia kwenye fremu yako bluu ndiyo imeongoza.

Ninavyofanya mimi: leya (tabaka la marekebisho juu ya picha) ya Hue/Saturation, nachagua Yellows (manjano), Master inayogusa rangi zote siigusi. Saturation naishusha 30 hivi, Lightness naipandisha 5, maski (kifuniko cha leya) naijaza nyeusi ili ifiche yote, kisha napaka meno peke yake kwa brashi laini nyeupe. Fizi na ulimi viache. Kwa ile mistari, usichukue stempu. Fungua leya tupu, hali yake iwe Color, donoa rangi kwenye sehemu safi ya jino hilohilo, brashi iwe asilimia 20, upitishe taratibu juu ya kahawia. Mstari utabaki, maana ni sehemu ya umbo la jino lenyewe, ila ile kahawia itatulia. Halafu kwa leya ya Curves nyanyua mwangaza wa mistari hiyo nusu ya njia, usifike mwisho. Meno ya nyuma usiyaguse kabisa. Giza la pembeni ndilo linaloupa mdomo kina, na ulipolifuta ndipo ukapata kigae.

Mwanya urudishe wote. Binti aliomba usaidizi wa rangi, hakuomba uzibe mwanya. Watu wangapi wanausifia mwanya kwetu huku!

Macho nayo. Jicho ni gololi. Kope la juu linalimwagia kivuli, kona zina giza, na kile kinyama chekundu karibu na pua kina kazi yake pale. Ukipaka weupe sawasawa kila mahali, gololi inakuwa sarafu. Na jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayalisemi kwa kuwa yametengenezwa kwa nyuso za Wazungu: wengi wetu weusi tuna ukahawia kwenye weupe wa jicho. Ni rangi ileile iliyo kwenye ngozi, wala si uchovu. Mshipa mmoja au miwili iliyokolea itoe kwa Healing Brush kwenye leya yake, iliyobaki iache. Ukitaka jicho liamke, nenda kwenye lile duara la kahawia linalozunguka mboni. Nukta ya mwanga ikiwa juu kushoto, nyanyua kidogo chini kulia, kwa kuwa huko ndiko mwanga unakotokezea.

Ukimaliza, punguza picha iwe ndogo kama ya pasipoti, uitazame. Toka nje, kunywa chai. Ukirudi, shusha nguvu ya leya zote hadi asilimia 70. Mimi kila mara nashusha.

BintiWaNakuru

Hamjambo. Mimi si mpiga picha, ila nimesoma hadi mwisho kwa sababu meno mnayoyazungumzia ni yangu. Nimekulia Nakuru. Floraidi inaingia kwenye jino wakati bado linajengeka ndani ya fizi, mtu akiwa mtoto, kwa hiyo mswaki hauondoi kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo kwa ajili ya miamba ya volkeno. Naliandika hili kwa sababu watu wengi bado wanafikiri hatupigi mswaki.

Picha yetu ya kidato cha nne, mpiga picha aliwaambia wote watabasamu, kisha akanisogelea akaniambia mimi nifunge mdomo. Ninayo hadi leo. Wenzangu wote wanacheka.

Kaka PichaMeru, binti wako alicheka mbele yako picha 400. Hiyo ni imani kubwa alikupa. Akisema "kidogo", huwezi kujua kidogo yake ni ipi kwa kukisia. Mtengenezee picha mbili tatu zenye viwango tofauti, umwonyeshe, achague mwenyewe. Na moja kati ya hizo iwe haijaguswa.

PichaMeru (Usa River)

Nimerudi. Asanteni sana, na dada wa Nakuru, maneno yako nimeyasoma mara tatu.

Nilianza upya na RAW. Kweli, nilipoondoa ukijani tu meno yalitulia kuliko nilivyotarajia. Kwenye ile fremu ya kwanza nilidonoa rangi: bluu 244, nyekundu 235. Nikaandaa tatu: haijaguswa, nusu, na iliyokwenda mbele kidogo ya nusu. Nikazipeleka kwenye tableti jana baada ya ibada, binti na mama wakiwa pamoja kwenye kochi.

Binti hakuchukua muda, akachagua ya nusu. Mistari inaonekana ukiitafuta, rangi yake sasa ni kama ya chai ya maziwa. Mama akavuta picha kwa vidole viwili hadi mdomo ukajaa kioo, akaweka kidole kwenye mwanya, akasema, "Huu kautoa kwa bibi yake." Kisha akaniuliza chapa itatoka lini. Nimepeleka leo asubuhi, saizi ileile, gharama nimebeba mimi.

Kaka wa Tanga, swali moja la mwisho. Kwenye picha ya familia yupo babu yake, mzee wa miaka 80 na zaidi. Pembezoni mwa lile duara la kahawia ana mviringo wa kijivu unaokaribia bluu, macho yote mawili. Nilidhani ni mwako wa anga lakini hata za ndani anao. Niuondoe?

Chumba cha Giza (Tanga)

Acha. Ni mafuta yanayojikusanya pembeni mwa kioo cha mbele cha jicho mtu anapozeeka, wazee wengi wanao, na wajukuu wake wanamjua nao. Kama amevaa miwani na flashi imepiga kwenye kioo, hiyo ndiyo uitoe.